Carl Rogers: Mshauri aliyekubali kuambiwa haisaidii

Hebu niambie ukweli. Umewahi kukaa mbele ya mshauri nasaha, akakuuliza unaendeleaje, ukamjibu uko poa tu, na moyoni unajua hakuna kilichobadilika?

Mimi nimewahi. Mwaka nilioacha chuo, watu wa nyumbani walinipeleka kwa mshauri mmoja. Kila tukikutana, yeye ndiye anaongea, mimi natikisa kichwa. Mara ya nne sikurudi. Nadhani hadi leo anaamini alinisaidia, maana hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia.

Ndiyo maana leo nataka ukutane na Carl Rogers.

Jamaa huyu alizaliwa Januari 8, 1902, Oak Park, karibu na jiji la Chicago, Marekani. Kwao dini ilikuwa kali: pombe marufuku, dansi marufuku, hata karata marufuku. Alipofika miaka 12, familia ilihamia shambani. Alijiunga na chuo kusomea kilimo, akaacha, akahamia historia. Mwaka wa 1922 alisafiri hadi China kwa kongamano la vijana Wakristo na huko akaanza kuwa na mawazo tofauti na ya wazazi wake. Akaingia chuo cha theolojia jijini New York, nacho akakiacha, akaenda chuo cha jirani kusomea saikolojia. Kwa hivyo wewe ambaye umebadilisha kozi mara mbili na nyumbani wamekununia, tulia kidogo.

Mwaka wa 1928 alianza kazi mjini Rochester, kwenye shirika la kulinda watoto. Hapo ndipo alipopata somo lake kubwa, na aliyemfundisha hakuwa profesa. Alikuwa mama mmoja mwenye kijana mtundu. Rogers alikuwa ameshaamua shida iko wapi: mama alikuwa amemkataa mtoto wake tangu utotoni. Akamweleza hivyo wiki baada ya wiki, kwa upole. Wapi! Hakuna kilichosonga. Mwishowe Rogers akafanya kitu ambacho wataalamu wengi huona aibu kufanya. Alikiri kwamba wamejaribu wakashindwa, na afadhali waachane.

Mama akakubali, akaaga, akafika mlangoni. Kisha akageuka, akauliza kama pale huwa wanahudumia pia watu wazima. Akarudi kwenye kiti, akaanza kumwaga yaliyomjaa moyoni: ndoa yake inaporomoka, amechoka, hajui ashike lipi. Hadithi hii haikufanana hata kidogo na ile Rogers alikuwa ameandika kwenye faili. Kazi ya kweli ilianza siku hiyo, na kijana naye akatengemaa.

Rogers alitoka hapo akiwa ameelewa kwamba mwenye kiatu ndiye anajua kinambana wapi. Lakini hakuishia kwenye kuelewa tu, alitaka ushahidi.

Mwaka wa 1940 alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Yeye na wanafunzi wake wakaanza kurekodi mazungumzo ya ushauri. Kumbuka simu ya kurekodi haikuwepo! Walitumia santuri, zile sahani za muziki za zamani, na kila baada ya dakika chache ilibidi ibadilishwe. Kisha walikaa na kusikiliza, neno kwa neno: hapa mshauri alimkatiza, pale mteja alifunguka, pale akajifunga tena. Kitabu chake cha 1942 kilichapisha vikao vyote vinane vya mteja mmoja aliyepewa jina la Herbert Bryan. Kabla ya hapo ulilazimika tu kumwamini mtaalamu akikusimulia kilichotokea ndani ya chumba.

Alipoenda Chicago mwaka wa 1945, alipiga hatua nyingine. Mteja alipewa kadi 100, kila moja ina sentensi kuhusu mtu alivyo. Alizipanga kuonyesha anavyojiona, kisha akazipanga tena kuonyesha anavyotamani kuwa. Alifanya hivyo kabla ya ushauri, baada yake, na miezi kadhaa baadaye. Kama mipango hiyo miwili inalingana kabisa, alama ni 1. Kama haihusiani, ni 0. Wateja 25 walianza wakiwa karibu na 0, wakamaliza kwa wastani wa 0.34. Baadaye walipopimwa tena walikuwa 0.31, yaani hawakurudi walikotoka. Kundi la watu ambao hawakuwa wakipewa ushauri lilibaki palepale, 0.58 kisha 0.59. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 1954.

Usidhani kila kitu kilimwendea vizuri. Huko Wisconsin alijaribu njia yake kwa wagonjwa wa skizofrenia hospitalini. Kwa jumla, waliopewa tiba hawakufanya vizuri kuliko wenzao. Kulikuwa na jambo jingine la kuuma: wataalamu walivyouona uhusiano wao na wagonjwa haikuwa jinsi wagonjwa wenyewe walivyouona. Daktari anadhani wameelewana, kumbe mwenzake hahisi hivyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1967, bila kufichwa.

Uzeeni alikuwa bado anasikiliza watu. Mwaka wa 1982 alikuwa Johannesburg, akiketi na weusi na weupe kwenye kikundi kimoja wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa bado sheria. Alifariki Februari 4, 1987, akiwa na miaka 85.

Siku hizi kuna washauri wanaokupa karatasi fupi kila kikao, uweke alama wiki yako ilikuwaje na kama leo ulihisi umesikilizwa. Wewe ukipewa, usijaze tu ya kumfurahisha. Na usipopewa, sema mwenyewe: hii haijanisaidia bado, tujaribu njia nyingine. Mshauri mzuri hatakasirika. Akikasirika, basi tafuta mwingine, lakini usinyamaze ukapotea kama mimi.

Yule mama wa Rochester alikuwa ameshafika mlangoni, na bado akageuka.