Bertrand Goldberg, arshitekte aliyejenga minara ya mahindi kwa akiba ya wafanyakazi



Mara hii tunatoka mbali na shimo. Tunakwenda Marekani, mu mji wa Chicago, kutazama maisha ya arshitekte mmoja, ni kusema mchoraji wa majengo. Jina lake Bertrand Goldberg. Alikufa zamani, lakini kazi yake inatuhusu sisi watu wa sendika kwa sababu mbili. Ya kwanza, jengo lake lenye sifa kuliko yote liliagizwa na chama cha wafanyakazi wadogo: wafagiaji, walinzi, na wale wanaoendesha asanseri. Ya pili, jengo lile lilijibu swali moja ambalo miji mikubwa inajiuliza mpaka leo: magari tuyaweke wapi bila kuua njia ambamo watu wanapita kwa miguu?

Goldberg alizaliwa Chicago tarehe 17 Julai 1913, mu jamaa ya Wayahudi. Alianza masomo ku Harvard, kisha mwaka wa 1932 akavuka bahari kwenda Ujeremani kusoma ku Bauhaus, masomo yenye sifa kubwa wakati ule. Pale akafanya kazi pia mu biro ya Mies van der Rohe, mwalimu aliyependa majengo ya chuma na kioo, yenye kona zilizonyooka sawa sanduku. Lakini 1933 Hitler akashika utawala, na Bauhaus ikafungwa. Kwa kijana Myahudi haikuwa tena fashi ya kukaa. Akapita Paris, akarudi kwao Chicago.

Kurudi kwake kulikuta njaa. Marekani yote ilikuwa mu krizi ya uchumi, na viwanda vingi vilifunga. Goldberg akatumikia maarshitekte wengine, halafu 1937 akafungua biro yake mwenyewe. Kazi za kwanza zilikuwa ndogo, lakini zilionyesha akili yake. Mwaka wa 1938 alichora stesheni ya esanse ambayo paa lake halikusimama juu ya kuta. Lilining'inia kwa nyaya kutoka ku milingoti miwili, ili motokari ziingie na kutoka bila kugonga nguzo. Mwaka ule ule alichora duka la kuuza krimu ya baridi, duka la kuhamishwa kutoka fashi moja mpaka ingine. Wakati wa vita alishughulika na nyumba za kujenga haraka, vipande vikitoka tayari ku kiwanda. Baada ya vita alichora hata behewa la mizigo la mbao za kubandikwa. Mwaka wa 1946 alimwoa Nancy Florsheim.

Sasa tufike ku jambo lenyewe.

Mu miaka ya 1950 miji ya Marekani ilianza kutoka watu. Serikali ilijenga barabara kubwa, benki zilikopesha makuta ya kununua nyumba za pembeni, na wazungu wenye mshahara mzuri wakahama katikati ya mji. Asubuhi walikuja kazini na gari, jioni saa kumi na moja wakarudi kwao. Usiku katikati ya Chicago kulibaki giza na makaratasi yanayopeperushwa na upepo. Magari nayo yalikula mji mu njia ingine. Majengo ya zamani yalibomolewa ili viwanja vyao viwe parkingi. Palipokuwa duka, sinema na nyumba za watu, sasa palikuwa na kokoto na motokari zimepangwa mulongo.

Nani aliumia zaidi? Tajiri mwenye jengo aliweza kuuza. Lakini mfagiaji, mlinzi wa mlango na mwendesha asanseri hawana kazi kama jengo halina watu. Sisi wa mgodi tunafahamu neno hilo vizuri: mgodi ukikauka, si mwenye hisa anayelala njaa wa kwanza.

Njo hapo alisimama William McFetridge. Huyu alikuwa mkubwa wa sendika ya wafanyakazi wa majengo mu Marekani tangu 1940 mpaka 1960, na nguvu yake ilitoka ku wafagiaji wa Chicago. Aliona kwamba kuomba nyongeza ya mshahara hakutoshi kama mji wenyewe unakufa. Sendika ilikuwa na akiba. McFetridge akataka akiba ile ifanye kazi: ijenge nyumba za watu katikati ya mji, watu warudi, na kazi za wanachama zirudi pamoja nao. Mwaka wa 1959 kazi ya kuchora ikawa ya Goldberg.

Kiwanja kilikuwa kando ya mto Chicago, upande wa kaskazini, ku avenyu ya State, fashi iliyokuwa ya kampuni ya reli. Kilikuwa kidogo, yapata hektari moja na kidogo. Goldberg alikusudia kuweka pale mji ndani ya mji: nyumba karibu 900, maofisi, teatri, maduka, restora, fashi ya kuchezea bowling, fashi ya kuteleza ku barafu, na chini kabisa, ku maji, bandari ya mashua. Kwa sababu ya mashua hizo waliita mahali pale Marina City. Ujenzi ulifunguliwa tarehe 22 Novemba 1960, na wapangaji wa kwanza waliingia 1962. Gharama yote ilifika karibu dola milioni 36, na serikali ya Marekani ilidhamini mkopo.

Hapa tuhesabu pamoja, kwa sababu hesabu njo inaonyesha shida. Gari moja likisimama, pamoja na nafasi ya kuingilia na kugeuzia, linakula karibu mita 25 za mraba. Marina City ilitaka nafasi ya magari karibu 900. Zidisha: ni mita za mraba 22,500, ni kusema viwanja vitatu vya mpira. Kiwanja chote cha sendika hakikufika hata viwili. Kama wangepanga magari chini, parkingi ingekula kiwanja chote na bado magari mengi yangebaki nje. Hakungebaki fashi ya nyumba, wala ya teatri, wala ya mtoto kucheza. Kuchimba chini nako kando ya mto si mchezo. Ninyi mnaopiga pampu mu shimo mnajua maji ya chini yanadai makuta gani kila siku.

Goldberg akapandisha magari juu. Minara yake ni miwili, ya mviringo, kila mmoja una urefu wa mita 179. Etaje 19 za chini ni njia moja ya betoni inayozunguka na kupanda sawa ganda la konokono. Kila mnara unabeba karibu magari 450. Mpangaji hapandishi gari lake mwenyewe. Analiacha chini, na mfanyakazi wa parkingi analipeleka. Etaje ya 20 ni ya kufulia nguo, na juu yake ku etaje 40 njo watu wanakaa. Katikati ya mnara kuna bomba kubwa la betoni lenye asanseri, ngazi na mabomba ya maji, na nyumba zimelizunguka sawa maua yanavyozunguka moyo wake. Jiko na chumba cha kuogea viko karibu na bomba, chumba cha kulala kiko nje, na kila nyumba ina baraza la nusu duara. Wajenzi walisimamisha bomba kwanza, kisha wakaongeza etaje moja moja kuzunguka, kwa kutumia kreni inayopanda pamoja na jengo. Mabaraza yale yaliyobandana yanafanana na punje, basi watu wa Chicago wakaita minara ile magunzi ya mahindi. Sisi walaji wa bukari jina hilo halitupiti.

Mwalimu wake wa zamani, Mies, alikuwa akijenga masanduku ya kioo mu mji ule ule wa Chicago. Goldberg alimheshimu, lakini akaacha kona. Aliona mtu hakuumbwa kukaa mu sanduku, na tena mnara wa mviringo unapitisha upepo kwa urahisi na unafupisha vijia vya ndani.

Sasa, ku njia kulikuwaje? Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana wengi wanasifu minara na kusahau miguu ya minara.

Parkingi inapokaa chini ya jengo refu, kuna hatari ya kweli. Mtu anayepita ku njia anatembea karibu na macho yake, hatazami etaje ya 40. Kama macho yake yanakuta ukuta mtupu, mlango wa chuma na moshi, anaharakisha mwendo. Akiharakisha, hanunui. Asiponunua, muuza magazeti anafunga, muuza kahawa anafunga, na yule mama wa matunda anahama. Kona ikikosa wauzaji, usiku inakosa macho, na mwizi anafurahi. Kisha kila mlango wa magari unakata fashi ya kupitia watu, na mama mwenye mtoto mgongoni anasimama kungoja motokari itoke. Jengo linaweza kuwa na watu elfu moja juu, na njia yake chini ikawa maiti.

Goldberg alikwepa hatari hiyo kwa nusu. Parkingi yake haina kuta, upepo unapita, na kutoka njiani unaona pua za magari zimepangwa kuzunguka. Wengine wanapenda, wengine wanasema ni mbaya. Lakini jambo kubwa ni kwamba chini aliacha mambo ya watu: restora, barafu, teatri, maduka, mto. Taa ziliwaka usiku, watu wakawa na sababu ya kufika hata kama hawakai pale. Nusu ingine hakuweza. Kiwanja cha chini kilibaki pia njia ya magari yanayoingia na kutoka, na miaka ilivyopita fashi ya barafu iliondolewa, uwanja wa watu ukapungua. Mwaka wa 1980, filimu moja ya Steve McQueen, The Hunter, ilionyesha gari likiruka kutoka ku parkingi ile mpaka mu mto. Watu wengi duniani waliijua Marina City kwa gari linaloanguka, si kwa wafagiaji walioijenga.

Waliokuja nyuma yake waliiga magari na kuacha maisha. Mu mtaa wa River North, hatua chache kutoka Marina City, majengo mengi marefu yaliyofuata yaliwekwa juu ya sanduku la parkingi la etaje nyingi, kuta zimefungwa, njia imenyamaza. Dawa yake inajulikana: kuzungushia parkingi maduka na nyumba upande wa njia, kuificha nyuma, kuichimbia chini pale udongo unaporuhusu, ao kupunguza magari kwa kuweka mabasi na treni nzuri. Lakini dawa inadai makuta, na mwenye jengo halipi asipobanwa.

Kuna jambo lingine tusilifiche, kwa sababu sisi ni watu wa sendika. Nyumba za Marina City hazikuwa za wafagiaji wenyewe. Wengi walioingia walikuwa watu wa maofisini, wasio na watoto, wanaoweza kulipa. Mwanachama alipata kazi na akiba yake ilipata kazi, lakini kitanda chake kilibaki mtaa mwingine. Tangu 1977 nyumba zile zilianza kuuzwa moja moja, na leo ni mali ya watu binafsi. Tunaona McFetridge alifanya vizuri kuliko wengi, na tena tunaona swali hili lingepaswa kuulizwa tangu siku ya kwanza: ni nani atalala ndani?

Goldberg mwenyewe hakuishia kwa wenye makuta. Mwaka wa 1966 alimaliza Hilliard Homes, nyumba za serikali kwa maskini wa Chicago. Zilikuwa za betoni na za mviringo vilevile, na wazee walipewa minara yao. Aliwachorea maskini kwa uangalifu ule ule. Mwaka wa 1975 akamaliza hospitali ya uzazi ya Prentice, na 1986 River City, nyumba zingine kando ya mto. Alikufa tarehe 8 Oktoba 1997, akiwa na miaka 84. Hospitali yake ya Prentice ilianza kubomolewa mwaka wa 2013, ijapo wengi walipinga. Marina City ilipata bahati: mwaka wa 2016 mji wa Chicago uliiweka kati ya majengo yanayolindwa na sheria.

Ndugu, tuchukue nini? Akiba ya wafanyakazi si makuta ya kulala mu sanduku la benki peke yake. Inaweza kusimamisha minara, na inaweza kurudisha uhai ku mji unaokufa. Lakini siku sendika yetu itakapowekewa mezani karatasi ya jengo, tusishangilie urefu wake tu. Tuulize mambo matatu: kazi zitakuwa za nani, nyumba zitakuwa za nani, na chini, ku njia, mama anayeuza na mtoto anayetoka masomo watapita wapi. Mwenye kuchora akikosa jibu kwa moja tu, tumrudishie karatasi yake aende kuchora tena.