Benjamin Franklin: Kijana mtoro aliyejikagua kila jioni

Ukiwahi kushika noti ya dola 100 ya Marekani, basi umemwona. Mzee mwenye upara mbele na nywele ndefu zinazofika karibu na mabega, anakutazama kama mtu asiye na haraka yoyote. Huyo ni Benjamin Franklin. Wengi hudhani alikuwa rais. Hakuwahi kuwa. Alikuwa mchapishaji wa magazeti, mtafiti wa umeme, mwanadiplomasia, na mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka wa 1776.

Lakini kabla ya sifa hizo zote, alikuwa kijana wa miaka 17 aliyetoroka kwao. Hakuwa na cheti, hakuwa na kazi, na mfukoni alikuwa na vijisenti tu. Jinsi alivyotoka hapo akajua anakoelekea ndiyo hadithi inayomfaa kijana aliyemaliza shule na sasa anakaa nyumbani akijiuliza, haya, kisha nini?

Franklin alizaliwa Januari 17, 1706, mjini Boston. Baba yake, Josiah, alitengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama, na alikuwa na watoto 17. Benjamin alikuwa wa 15, na kitinda mimba miongoni mwa wavulana. Josiah alitamani mwanawe huyu asomee uhubiri, ila alipopiga hesabu ya gharama na wingi wa vinywa vya kulisha, akaona haiwezekani. Basi masomo ya Benjamin yakaishia miaka miwili hivi. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari anakata tambi za mishumaa.

Kazi hiyo aliichukia. Alitaka kwenda baharini. Babake, kwa kuogopa kumpoteza, alikuwa akimtembeza mjini kuwatazama maseremala, waashi na mafundi wengine wakifanya kazi, ili aone moyo wake unavutwa wapi. Mwishowe, kwa kuwa kijana alipenda vitabu, alipelekwa kuwa mwanagenzi wa uchapishaji kwa kaka yake James. Alikuwa na miaka 12, na mkataba ulimfunga hadi afike miaka 21.

Hapo ndipo tabia zake ndogondogo zilipoanza. Alipenda makala za gazeti moja la London lililoitwa The Spectator. Angesoma makala, aandike vidokezo vifupi vya kila sentensi, kisha aweke kando kwa siku kadhaa. Baadaye alijaribu kuiandika upya kutokana na vile vidokezo tu, halafu alinganishe na ile ya asili aone alikosea wapi. Hakuwa na mwalimu. Mwalimu wake alikuwa hayo makosa yake mwenyewe.

Jambo la pili lilihusu chakula. Alipokuwa na miaka kama 16 aliacha kula nyama, akamwambia James ampe nusu tu ya pesa za chakula ajipikie. Akagundua anaweza kuweka akiba nusu ya hiyo nusu, na akiba hiyo ikawa ya vitabu. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki kazini na kipande cha mkate, zabibu kavu kidogo na maji, akisoma.

Usije ukadhani basi kwamba alikuwa malaika. Yeye na kaka yake walikorofishana kila mara, na James hakusita kutumia mkono. Mwaka wa 1723 kijana aliuza baadhi ya vitabu vyake, akapata nauli ya mashua, akatoroka. New York alikosa kazi. Akasonga mbele hadi Philadelphia, akaingia asubuhi ya Jumapili mwezi wa Oktoba akiwa mchafu, mifuko imejaa mashati na soksi. Alinunua mikate mitatu mikubwa, akabana mmoja kila kwapa na kutembea barabarani akitafuna wa tatu. Msichana mmoja aliyesimama mlangoni kwao alimwona, akaona sura yake ni ya kuchekesha. Jina lake lilikuwa Deborah Read. Miaka michache baadaye alikuja kuwa mkewe.

Sasa, miaka mitatu iliyofuata ndiyo aliyoijutia sana. Gavana wa Pennsylvania, William Keith, alimwahidi kumfungulia matbaa, akamtuma London kununua mitambo, na kumwambia kwamba barua za dhamana zingekuwa melini. Franklin alifika London Desemba 1724. Barua hazikuwapo. Gavana alikuwa mtu wa kuahidi tu, kila mtu ahadi, mikono mitupu.

Akiwa huko, Franklin alipata kazi ya uchapishaji na kuifanya kwa bidii. Wenzake walikunywa bia kutwa nzima, yeye akanywa maji, na bado alibeba mizigo mizito kuliko wao. Lakini nje ya kazi maisha yalikuwa ovyo. Alimkopesha rafiki pesa nyingi ambazo hazikurudi. Deborah, aliyekuwa amemwahidi kumwoa, alimwandikia barua moja tu na kumsahau, hadi mama yake binti akamwoza kwa mwanamume mwingine, ndoa ambayo haikudumu. Tena kabla ya kusafiri, Franklin alikuwa ameachia pesa za mtu aitwaye Vernon, ambazo aliaminiwa azitunze, zikaliwa na rafiki mlevi.

Baadaye maishani, akiandika habari zake, mambo hayo aliyaita kwa neno la kazi yake: makosa ya chapa. Mchapishaji anajua kwamba kitabu kikitoka na kosa, hakichomwi. Kosa linaorodheshwa, na katika toleo linalofuata linasahihishwa. Ndivyo alivyofanya. Vernon alilipwa pesa zake pamoja na riba. Deborah, mumewe alipokuwa ametoroka, Franklin alimwoa mwaka wa 1730.

Badiliko lenyewe lilianzia baharini. Mwaka wa 1726, akiwa na miaka 20, alipanda meli kurudi Philadelphia. Safari ilichukua wiki 11 hivi. Hakuna pa kwenda, hakuna wa kumvutia huku na kule. Akakaa akajitazama, akaona kwamba ameishi bila mpango wowote, kila siku ikimsukuma inakotaka. Akaandika mpango mfupi: abane matumizi hadi alipe madeni, aseme ukweli, afanye kazi kwa bidii bila kurukia miradi ya utajiri wa haraka, na asimseme mtu vibaya.

Miaka michache baadaye alitengeneza kijitabu kilichokuja kuwa maarufu. Alichagua maadili 12: kiasi katika kula na kunywa, kujua kunyamaza, mpangilio, kutimiza alichoazimia, kubana matumizi, bidii, unyofu, haki, kuepuka kupita kiasi, usafi, utulivu wa moyo, na kujizuia kimapenzi. Rafiki yake mmoja wa dhehebu la Quaker akamwambia waziwazi kwamba amesahau kitu: watu wanamwona mwenye majivuno. Alimpa na mifano. Franklin hakununa. Akaongeza la 13, unyenyekevu.

Mbinu yake ilikuwa rahisi. Kila ukurasa alichora safu saba kwa wino mwekundu, moja kwa kila siku, na mistari 13 kwa maadili yake. Jioni alijikagua, na kila alipokosea akatia nukta nyeusi. Hakujaribu kushinda yote kwa mpigo. Kila wiki aliweka mkazo kwenye adili moja, mengine akiyaacha yaende kama kawaida huku akihesabu nukta. Wiki 13 zikiisha anaanza tena, mara nne kwa mwaka. Ni kama mkulima anayepalilia tuta moja kwanza kabla ya kuhamia lingine.

Na siku yake aliipangia saa. Kuamka saa kumi na moja alfajiri na kujiuliza ni jema gani atakalofanya leo. Kazi kuanzia saa mbili hadi saa sita. Saa mbili za kula, kusoma na kupitia hesabu zake. Kazi tena hadi saa kumi na mbili jioni. Kisha kurudisha vitu mahali pake, chakula, muziki au mazungumzo, na kabla ya kulala saa nne, kujiuliza ni jema gani alilofanya leo. Maswali mawili tu, moja asubuhi, moja jioni.

Matokeo? Kwanza alishtuka. Alijikuta na makosa mengi kuliko alivyowahi kufikiria. Alifuta nukta ili atumie kurasa upya hadi karatasi ikatoboka, ikabidi ahamie vibao vyembamba vya pembe za ndovu alivyoweza kupangusa kwa sifongo. Adili la mpangilio lilimshinda kabisa. Hadi uzeeni karatasi zake zilikuwa shaghalabaghala, naye alikiri hivyo. Unyenyekevu nao alisema alipata sura yake tu, kwa kuacha kuongea kama anayejua kila kitu. Lakini alipojaribu, hata hiyo sura tu ilifanya watu wamsikilize.

Mradi wa kuwa mkamilifu ulifeli, basi. Alichopata ni mwelekeo. Mwaka wa 1727 yeye na marafiki walianzisha kikundi cha kukutana kila Ijumaa jioni kujadiliana na kusaidiana, na kutokana nacho ikazaliwa maktaba ya kukopesha vitabu mwaka wa 1731. Alimiliki gazeti. Kufikia mwaka wa 1748, akiwa na miaka 42, aliweza kuacha biashara na kujipa muda wa kuchunguza umeme na radi. Mtu aliyesoma miaka miwili tu akaheshimiwa na wanasayansi wa Ulaya.

Ila kuna jambo ambalo kile kijitabu hakikumwonyesha, na si haki kulificha. Mstari wa nane ulikuwa haki. Hata hivyo, kwa miaka mingi Franklin alimiliki watumwa, watu wenye asili ya Afrika, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza na ya kuwasaka waliotoroka. Yeye, aliyekuwa mtoro mwenyewe. Kila jioni alijikagua, na jambo hilo halikupata nukta.

Daftari huona tu kile ambacho mwenye nalo amekubali kukitazama. Mabadiliko yalikuja polepole, wengine walipoendelea kuuliza, hasa Waquaker waliopinga utumwa mapema kuliko wengi, na yeye alipoona kwa macho watoto Weusi wakijifunza shuleni sawasawa na wengine. Mwaka wa 1787, akiwa mzee wa miaka 81, alikubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Februari 1790 alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani likitaka utumwa ukomeshwe. Bunge halikulitekeleza. Aprili 17 mwaka huo alifariki, akiwa na miaka 84. Kwa waliokuwa wameteseka nyumbani kwake miaka hiyo yote, marekebisho hayo yalichelewa mno.

Kwa hivyo ukimchukua Franklin kama mfano, mchukue mzima. Chukua daftari lake, hata liwe la shilingi chache tu la dukani mtaani. Chagua jambo moja wiki hii, labda kuamka mapema, labda kuweka simu mbali unapofanya kazi, labda kumlipa mtu pesa zake. Jiulize asubuhi na jioni. Usishtuke nukta zikijaa wiki ya kwanza. Ni dalili kwamba umeanza kujiona.

Halafu mtafute mtu kama yule rafiki Mquaker. Mtu asiyekuogopa wala kukuonea wivu, muulize ni kosa gani umelisahau kwenye orodha yako. Akikwambia, usinune. Liandike. Toleo linalofuata la maisha yako bado halijachapishwa.