Al-Biruni na Kivuli cha Ufito

Abu Rayhan al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Khwarazm mwaka 973, akafariki Ghazna yapata mwaka 1048. Mwanachuoni huyu aliitumia hisabu kuitumikia ibada: aliandika kitabu juu ya vivuli na nyakati za Sala, na kingine cha kupima mahali pa miji, ili Kibla ya Ghazna ijulikane.

Msingi wake ni mwepesi. Tusimamishapo ufito juani, ufito, kivuli chake na mwonzi upitao nchani hufanya pembetatu yenye pembe mraba. Tukigawanya ufito kwa kivuli, twapata uwiano unaotujulisha pembe ya jua. Vikilingana, uwiano ni 1, na jua liko digrii 45. Kwa pembetatu za namna hiyo al-Biruni alipima kilima cha Nandana, kisha akakadiria ukubwa wa dunia.

Elimu hiyo ingali yatufaa. Ndugu yetu aliyeko Machakos, kati ya vilima, habahatishi Kibla: hisabu yamwonyesha kaskazini, kuegemea mashariki kadiri ya digrii 6.

Basi, enyi wazazi, kwa nini twaiita hisabu ya skuli elimu ya wageni? Mtoto na aende chuoni, na skuli aende.