Jock Stein, Mchimba Makaa Aliyekuwa Mwalimu wa Mpira

Wengi wenu mmeniona nikichechemea kutoka bwenini kwenda darasani, na wazazi waliokuja Siku ya Michezo mwaka jana waliona jinsi nilivyobebwa kutoka uwanjani. Goti langu liliumia vibaya siku ile, na daktari akaniambia nisicheze mpira tena. Baada ya wiki chache mwalimu wetu wa michezo aliniomba nimsaidie kuwafundisha mpira vijana wa Kidato cha Kwanza. Nilikataa. Niliona ni kama kupewa kazi ya kulinda viatu vya wenzangu. Mwalimu hakunigombeza, ila aliniuliza kama namjua Jock Stein. Nikasema simjui. Basi akanituma nikatafute habari zake, na hizi ndizo nilizozipata.

Jina lake hasa lilikuwa John Stein. Alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1922, huko Burnbank karibu na mji wa Hamilton, katika nchi ya Uskoti. Sehemu zile zilikuwa za makaa ya mawe, na baba yake alikuwa mchimbaji. Jock alipotoka shuleni alifanya kazi kitambo kidogo katika kiwanda cha mazulia, kisha akashuka mgodini kama wengine. Nimejaribu kuiwazia kazi ile: kushuka chini ya ardhi kabla ya mapambazuko na kukata makaa gizani, huku ukijua kwamba mwenzako akifanya uzembe kidogo mtafukiwa nyote. Alikaa katika kazi hiyo miaka zaidi ya kumi. Tangu mwaka 1942 alichezea timu ndogo ya Albion Rovers, lakini mpira ulikuwa wa Jumamosi tu; siku nyingine alikuwa mgodini. Alikuwa sentahafu mwenye nguvu na hodari wa kupiga kichwa, walakini hakuwa fundi mkubwa wa mpira.

Mwaka 1950 alikwenda Llanelli, katika Welisi, kwa mshahara wa pauni 12 kwa wiki. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kula kwa mpira peke yake. Lakini nyumba yao ya Hamilton ilivunjwa na wezi mara mbili, na mkewe, Bibi Jean, akataka warudi kwao. Stein alikuwa karibu kutimiza miaka 30, umri ambao wachezaji wengi huanza kufikiria kustaafu, naye alikuwa tayari kurudi mgodini.

Hapo ndipo alipokumbukwa na Jimmy Gribben. Huyu Gribben hakuwa mtu wa sifa. Alikuwa akifundisha timu ya pili ya Celtic, mjini Glasgow, na kutafuta wachezaji. Wakuu wa klabu walipotaka mtu mzima wa kuwaongoza vijana, yeye alilitaja jina la Stein. Mwezi wa Desemba, 1951, Celtic walimnunua kwa pauni 1,200. Tazameni basi: hakuletwa awe nyota, aliletwa kuwatunza wadogo. Bahati ikawa kwamba walinzi wa timu ya kwanza waliumia, akaingizwa, na haukupita muda mrefu akawa kepteni. Mwaka 1954 Celtic walichukua ubingwa wa ligi na Kombe la Uskoti pamoja, jambo ambalo hawakulifanya tangu 1914.

Mwaka 1955 aliumia kifundo cha mguu walipocheza na Rangers. Alitibiwa, akajaribu tena na tena, na mwaka 1957 akaacha kucheza kabisa. Alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Nilipofika hapa niliweka kalamu chini.

Klabu ilimpa timu ya pili aifundishe. Vijana wake walifanya mazoezi wakiwa na mpira miguuni, wakati timu nyingi zilikuwa zikiwazungusha wachezaji uwanjani kama punda wa kinu. Na jicho la kuchagua alikuwa nalo. Alimwona mvulana mrefu, Billy McNeill, akichezea timu ya wanafunzi wa Uskoti dhidi ya Uingereza, akawaambia wakuu wamchukue. Likumbukeni jina hilo.

Lakini Stein alikuwa Mprotestanti, na Celtic ilianzishwa na Wakatoliki. Mameneja wake wote hadi hapo walikuwa Wakatoliki. Watu wengi waliamini kuwa njia yake imefungwa, na mimi naona walikuwa na sababu. Mwezi wa Machi, 1960, aliondoka kwenda Dunfermline, timu iliyokuwa karibu kushushwa daraja. Ilibaki michezo sita. Wakashinda yote sita. Mwaka uliofuata wakatwaa Kombe la Uskoti, na waliowafunga katika fainali ni Celtic wenyewe! Akapita Hibernian kwa muda mfupi, na mwaka 1965 Celtic wakamwita awe meneja wao. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo walilichukua kombe, na goli la ushindi lilipigwa kwa kichwa na McNeill.

Tarehe 25 Mei, 1967, huko Lisbon, walicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya na Inter Milan, waliokuwa wamelitwaa mara mbili na kusifiwa kwa kujilinda. Wachezaji wote 11 wa Celtic walizaliwa si zaidi ya maili 30 kutoka uwanja wao. Waitalia walipata penalti mapema, wakafunga, kisha wakajifungia nyuma. Celtic walishambulia bila kukoma. Gemmell akasawazisha katika dakika ya 63, na Chalmers akafunga la pili zikibaki dakika chache. Hakuna klabu ya Uingereza wala Uskoti iliyokuwa imelichukua kombe hilo. Aliyelipokea ni kepteni Billy McNeill. Inasimuliwa kwamba waliporudi Glasgow, Stein alimtafuta mzee Gribben akampelekea kombe lile alishike.

Kuanzia 1966 hata 1974 walikuwa mabingwa wa ligi miaka tisa mfululizo. Mwaka 1970 walifika fainali ya Ulaya tena, wakashindwa na Feyenoord. Mwaka 1975 aliumia sana katika ajali ya motokaa. Mwaka 1978 aliondoka Celtic, akakaa Leeds siku 44 tu, kisha akapewa timu ya taifa ya Uskoti.

Tarehe 10 Septemba, 1985, Uskoti walicheza na Welisi mjini Cardiff, wakitafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Walipata penalti ya kusawazisha, ikawa 1–1, nao sare iliwatosha. Mchezo ukiwa karibu kwisha Stein alianguka kando ya uwanja, akafa pale pale uwanjani, katika chumba cha matibabu. Alikuwa na miaka 62.

Vijana wa Kidato cha Kwanza hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu, katika uwanja wa chini. Tuko 19 pamoja na mimi. Kuna mmoja mrefu anayecheza nyuma. Bado anafumba macho akipiga kichwa.