Richard Hamming: Jamaa aliyechoshwa na kompyuta ya wikendi

Umewahi kuacha simu ikipakua faili usiku kucha, ukaamka na kukuta iligoma mapema? Basi utamwelewa Richard Hamming.

Mwanahisabati huyu alizaliwa Chicago mwaka 1915. Mnamo 1945 alifanya kazi Los Alamos, kwenye mradi wa bomu la atomiki, kisha 1946 akajiunga na Bell Labs. Kompyuta ya huko ilikuwa dude kubwa ajabu, lenye kusoma kanda za karatasi zilizotobolewa. Hamming alipewa nafasi wikendi tu, wakati hakuna mhudumu. Dude likinusa kosa, linaitupa kazi yake na kurukia ya mwingine. Wikendi mbili mfululizo, Jumatatu ikafika na hana kitu.

Alikasirika, na haki yake. Kama mashine inajua kuna kosa, mbona isijue liko wapi na kulirekebisha?

Jibu lake lilichapishwa 1950. Hebu shika hapa: una tarakimu 4, kila moja sifuri au moja. Unaongeza 3 za ukaguzi. Kila mkaguzi ana kundi lake la kuchunga, na makundi yanaingiliana. Tarakimu moja ikigeuka njiani, tazama nani analalamika na nani kanyamaza. Utajua mbovu ni ipi. Unaigeuza, kwisha. (Zikiharibika mbili kwa mpigo, hapo utapotea.)

Kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Turing mwaka 1968. Baadaye alifundisha Monterey, California, na akafariki 1998.

Lakini hesabu zake hazikuzikwa. Siku hizi watu wawili wanaweza kutumiana ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga. Jasusi akichungulia, anaacha makosa. Tatizo ni kwamba hata faiba na vifaa vyenyewe huleta makosa. Yakizidi, ufunguo unatupwa. Yakiwa machache, lazima yasahihishwe yote, maana tarakimu moja tu ikitofautiana, ujumbe haufunguki. Na masahihisho yenyewe yanafanyika hadharani, jasusi akisikia!

Mwaka 2003, watafiti wa Los Alamos, kulekule, walichapisha mbinu iitwayo Winnow inayotumia ukaguzi wa Hamming. Ujanja wake ni huu: kwa kila tarakimu ya ukaguzi inayotangazwa, wawili hao wanatupa tarakimu moja ya ufunguo. Ufunguo unafupika, ila alichosikia jasusi hakimfaidi.