Livingstone kwenye mlango wa Rusizi

Kila mtoto wa Uvira ajua kwamba mto Rusizi hutoka ziwa Kivu na kuingia Tanganyika. Zamani watu wa mbali walishindana sana juu ya jambo hilo.

David Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipopata miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, na usiku alisoma. Akawa daktari na mmisionari, akafika Afrika mwaka 1841. Katika uzee wake alitafuta chanzo cha mto Nili.

Alifikiri kwamba maji ya Tanganyika hutoka upande wa kaskazini kwa njia ya Rusizi, yakaenda mpaka Nili. Akiwa Ujiji aliona majani yakielea kwenda kaskazini, akazidi kuamini. Lakini upepo nao husukuma majani! Jani linaloelea haliwezi kutuambia linasukumwa na nini, maji au upepo.

Je, watu hawakuulizwa? Waliulizwa. Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wakaambiwa kwamba Rusizi huingia ziwani. Lakini walirudi bila kuona mlango wake, na kule Ulaya mabishano yakaendelea miaka 13. Watu wengine wa Ujiji walisema mto hutoka, wengine walisema huingia. Maneno ya namna hiyo hayamalizi shauri.

Mwezi wa Novemba 1871 Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji. Baada ya siku chache wakapanda mtumbwi pamoja, wakafuata pwani kwenda kaskazini. Swali lao lilikuwa moja tu: maji ya Rusizi yaenda upande gani? Walifika kwa mkubwa mmoja, jina lake Ruhinga, naye akawaambia kwamba mto huingia. Hawakutosheka. Wakatafuta mlango wa mto katikati ya matete, wakauingia kwa mtumbwi. Hapo wapiga makasia walitumia nguvu zao zote, kwa maana maji yaliwajia mbele, yakishuka kwa mbio kuelekea ziwani. Walipanda mbali kidogo tu, kama nusu maili, lakini ilitosha. Mahali pale hapakuwa na shaka ya upepo.

Livingstone alipoteza wazo alilolipenda miaka mingi, hata hivyo alilikubali jibu. Wakarudi kwa pwani ya Uvira, na mwezi wa Desemba wakafika Ujiji.

Mlango wa kutokea ulionekana mwaka 1874. Cameron aliukuta upande wa magharibi, karibu na mahali palipo mji wa Kalemie: ni mto Lukuga, unaopeleka maji Lualaba. Livingstone hakupata habari hiyo. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, akiwa bado anadhani kwamba Lualaba ndiyo Nili. Mwaka 1877 Stanley aliufuata Lualaba mpaka baharini, nao ulikuwa mto Kongo.