Spicer-Simson, baharia aliyevusha mashua mbili Katanga hadi Kalemie

Tarehe 26 Desemba 1915, mashua mbili ndogo za Waingereza zilitoka Lukuga, Kalemie ya leo, zikaikamata meli ya Wajerumani Kingani katika mapigano ya dakika chache. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikaribia miaka 40, na mpaka siku hiyo hakuwa na ushindi wowote wa kujivunia.

Alizaliwa 1876 Hobart, kisiwani Tasmania. Baba alikuwa mfanyabiashara Simson. Spicer ni ukoo wa mama, binti wa mchungaji. Familia ilirudi Ufaransa, na Kifaransa cha utotoni kilimsaidia baadaye kati ya Wabeleji. Aliingia jeshi la majini akiwa na miaka 14. Mwaka 1902 alimuoa Amy, kutoka Victoria, Kanada.

Kazi yake ilikwenda kombo. Alipima mito China na Gambia. Novemba 1914 meli Niger, ya kundi lake, ilizamishwa na nyambizi karibu na Deal wakati yeye yuko nchi kavu. Akawekwa ofisini London.

Wazo la Tanganyika lilitoka kwa mwindaji John Lee, si kwake. Wakubwa walipokataa majina Paka na Mbwa, aliziita mashua Mimi na Toutou, kwa Kifaransa cha watoto. Kutoka Cape Town zilipanda treni hadi Fungurume, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mamia ya watu wa nchi, mpaka Sankisia. Zikafuata Bukama, mto Lualaba, Kabalo, na reli hadi ziwani, Oktoba. Sifa zilikwenda kwa mabaharia. Waliokata miti na kuvuta kamba hawatajwi sana.

Waholoholo walimwita Bwana Chifunga-Tumbo, kwa sababu ya sketi aliyovaa, ambayo alisema ilishonwa na mkewe. Aliringa sana, na michoro mwilini mwake iliwavuta watazamaji.

Tarehe 9 Februari 1916 alizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Graf von Goetzen, meli kubwa kuliko zote, ilipotokea, alikataa kutoka bandarini. Wabeleji walikasirika. Juni, huko Bismarckburg (Kasanga ya leo, Tanzania), Wajerumani wakamponyoka usiku kwa mashua.

Alirudi Uingereza mgonjwa. Alipewa nishani ya DSO na medali za Kibeleji, ila hakupewa tena meli vitani. Alipofaa kweli ni mezani: kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, Monaco. Alifariki Januari 1947 katika jimbo la British Columbia, alikotoka Amy.

Goetzen aliyoikwepa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916. Waingereza waliiinua 1924, ikaitwa Liemba, na kwa miaka mingi ikabeba abiria ziwani.